Shokapu za Mbio, Vifaranga vya Samaki

Ninyi watu wa gereji mmeniuliza kila mmoja kwa wakati wake: mbona pikapu inanuka bwawa, mbona shokapu moja ya nyuma imetapika mafuta, na mbona sikuonekana kwenye mashindano niliyokuwa nimewachosha masikio kwa kuyataja. Huyu nilimpa mwanzo, yule nikampa mwisho, na sasa kila mtu ana hadithi yake. Afadhali niandike yote mara moja.

Kwa atakayesoma bila kuijua pikapu yangu: ni gari dogo la mizigo ambalo kwa muda mrefu halikuwa limebeba mzigo wowote. Nimelishusha hadi matairi ya nyuma yanakaribia kugusa bodi, injini nimeitia nguvu, na Jumapili nikipata nafasi nalikimbiza kwenye viwanja vya mbio. Siku nyingine nauza vipuri mjini Kisumu. Ninachokipenda zaidi katika gari hilo ni shokapu zake, zile nguzo zenye mafuta zinazoituliza springi isirukeruke. Zangu zinarekebishika. Kila moja ina vifundo viwili vya kuzungusha: kimoja kinaamua gari libonyee kwa urahisi gani linapogonga tuta, na kingine kinaamua liinuke upesi kiasi gani baada ya kubonyea. Ukizungusha unasikia "tak", hilo ni jino moja. Tak nyingine, jino la pili, na gari limekwisha kubadilika tabia. Nikikaa kutwa bila kuvigusa vifundo hivyo, mikono huniwasha.

Juma hilo nilikuwa nimevikaza vyote kwa ajili ya mashindano. Ijumaa asubuhi Mama Peres akapiga simu.

Mama Peres ni mdogo wa mama yangu. Anafuga ngege, yaani sato, katika kizimba cha nyavu kinachoelea ziwani, karibu na Usenge. Mwaka uliopita maji ya ziwa yaligeuka asubuhi moja, ya chini yakaja juu bila hewa, na samaki wake wote wakafa. Nilitumiwa picha: matumbo meupe tu, ukuta hadi ukuta. Sasa alikuwa amepata vifaranga vya kuanza upya kutoka kwa mtu mwenye mabwawa upande wa Ahero.

"Nyathina," akasema. Ndivyo anavyoniita, mwanangu. "Lori limenikataa."

Lori alilokodi lilikuwa limekufa injini. Vifaranga vilikuwa vimeshanyimwa chakula tangu jana yake ili visichafue maji njiani, na mwenye mabwawa alikuwa na mteja mwingine aliyesimama tayari. Kama vifaranga visingechukuliwa siku hiyo, vingekwenda kwa huyo mwingine.

"Mama, hii gari yangu iko chini sana. Na ni ngumu kama jiwe."

"Si uliniambia iko na vitu vya kuzungusha?"

Nikachukua ufunguo wa gari.

Kisumu hadi Ahero, gari tupu

Nililegeza vifundo vyote kabla ya kuwasha gari. Vya mbele unavifikia ukifungua boneti. Vya nyuma lazima ulale chali chini ya gari. Kila jino nililolirudisha liliniuma, maana nilikuwa nimehangaika kuyapata yale ya mashindano. Nikajiambia ni safari ya mchana mmoja tu, nitarudi jioni, nitayakaza tena.

Mama Peres alikuwa akinisubiri nje ya hoteli moja Ahero, kando ya barabara kuu, amekalia chupa ya oksijeni kama mtu aliyekalia kigoda. Nyuma yake lilikuwapo tangi jeusi la plastiki. Alilizunguka gari langu lote kabla ya kunisalimia.

"Yawa! Hii gari ilikosea nini?"

"Kivipi, Mama?"

"Imepiga magoti."

Alisisitiza tule kwanza. Mimi nilitaka kwenda. Mguu wangu ulikuwa unatikisa meza, naye akaushika kwa mkono kama anavyoshika wa mtoto. Wali wa Ahero ukaja, wa moto, na ngege wa mchuzi. Yeye akamsukuma samaki upande wangu akaagiza maharagwe.

"Leo siwezi," akasema. "Nitawatazama aje wale?"

Nilimla peke yangu, nikiwa nimeugeukia ukuta. Kisha tukapakia tangi na chupa.

Njia ya kwenda kwenye mabwawa inapita katikati ya mashamba ya mpunga, na mvua ilikuwa imeacha maji juu yake. Mbele huoni kina. Nilivua viatu nikatembea mbele nikipima kwa miguu, nikarudi, nikaendesha, nikashuka tena. Chini ya gari udongo ulisugua chesisi kwa mlio mrefu ulionifanya niume midomo. Mama Peres alikuwa ametoa kichwa dirishani akiniambia "kushoto" kila mara, hata pale ambapo kushoto kulikuwa na mfereji.

Vifaranga vilikuwa na urefu wa kidole. Mwenye mabwawa alivimwaga kwa wavu ndani ya tangi vikang'aa mara moja na kuzama. Akachomeka mpira wa oksijeni, na jiwe dogo lenye matundu lililokuwa mwisho wake likaanza kutoa mapovu. Alitaka kulijaza tangi maji hadi juu. Mimi ndiye niliyemzuia. Nilikuwa nikiitazama nyuma ya pikapu inavyoshuka kila ndoo inapoingia, nikasema basi, inatosha, iache hapo.

Ahero, mara ya pili

Hatukufika mbali. Tulipoingia barabara kuu, trela lililokuwa mbele likakanyaga breki, nami nikakanyaga. Pikapu ikasimama. Maji hayakusimama. Yaligonga ukuta wa mbele wa tangi yakatusukuma nusu gari zaidi, kisha yakarudi nyuma, pua ya gari ikainuka, kisha yakaja tena. Nilipokwepa pikipiki, gari zima lilikwenda kushoto, likafikiri, likarudi kulia. Mama Peres alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili.

"Wanapigwa huko ndani," akasema. "Wanapigwa, nyathina!"

Nikaegesha pembeni. Nililala chini ya gari nikakaza vifundo vya kubonyea, nikidhani ugumu utazuia kule kuyumba. Tukajaribu tena. Kuyumba kukapungua kidogo, lakini sasa kila tundu la barabara liligonga hadi kwenye meno yetu, na kama lilitugonga sisi juu ya viti vya sponji, wale wa kwenye tangi je? Nikashuka, nikalegeza. Tukaenda. Nikashuka, nikakaza nusu. Watu waliokuwa wakiuza nyanya kando ya barabara waliacha kuuza wakanitazama.

Mwisho nilipanda nyuma nikafungua kifuniko. Maji yalikuwa bado yanazunguka kwa hasira, na vifaranga vinazunguka nayo. Hapo nikaelewa kwamba shokapu hazikuwa na kosa. Maji yaliyopewa nafasi ya kukimbia yatakimbia tu. Tangi lilitakiwa kujaa hadi kwenye kifuniko ili yasipate pa kwenda.

"Tuongeze ya bomba," nikasema. "Hapo hotelini wanayo."

"Ya bomba yana dawa. Unataka kuwaua kabla ziwa halijawaua?"

Kwa hiyo tulirudi. Hakuna kitu kinachoniumiza katika safari kama kurudi nyuma. Njia ile ile ya mpunga, maji yale yale, mlio ule ule chini ya chesisi. Mwenye mabwawa alituona tunarudi. Alichukua ndoo tu.

Tangi lilipojaa, pikapu ilikaa chini kiasi kwamba kiganja changu hakikupita kati ya tairi na bodi. Lakini tulipoondoka, ilitulia. Ilikuwa nzito na ya polepole, na kila penye wimbi refu la lami iliinuka na kushuka mara mbili tatu kama inayoitikia jambo. Nikasimama, nikakaza vifundo vya kurudi, vile vya kuinuka, upande wa nyuma, meno machache. Ikawa inashuka na kuinuka mara moja tu, kwa heshima. Nilifurahi mno. Nilidhani nimemaliza kazi.

Kupita Kondele

Tulipaswa kukwepa Kondele, mtaa wa Kisumu usiokosa msongamano. Sikukwepa, kwa sababu niliona njia iko wazi, na ilikuwa wazi mpaka tulipofika katikati yake. Kisha mbele likasimama lori la mchanga lililokatika ekseli, nyuma wakajaa wengine, na pembeni zikajipenyeza bodaboda hadi hapakuwa na mahali pa kufungua mlango.

Jua lilikuwa kali. Maji katika tangi jeusi yalianza kupata joto. Waendesha bodaboda waliizunguka pikapu, maana gari lililoshushwa hivyo huvuta macho.

"Madam, hii ni ya mashindano?" mmoja akauliza.

"Ndiyo."

"Na sasa unauza maji?"

Wakacheka wote. Mwingine akagonga tangi ili asikie kama limejaa, na Mama Peres akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Alipanda nyuma akaketi kando ya tangi, akavua leso yake, akailowesha kwa maji ya kunywa tuliyonunua dirishani, akalifunika nayo. Ikikauka, anailowesha tena. Mimi nilibaki kwenye usukani nikizima injini, nikiiwasha, nikiizima. Nilishuka kutazama lori. Nilirudi. Nilishuka tena. Sikuwa na kifundo chochote cha kuzungusha ambacho kingeliondoa lori lile.

Nilimsikia Mama Peres akiwaambia samaki kitu kwa Kijaluo, kwa sauti ya chini, ile anayotumia kwa mtu mwenye homa. Nilipomtazama, alikuwa ameweka mkono kwenye chupa ya oksijeni. Sikulifikiria jambo hilo wakati ule. Hatimaye lori likavutwa pembeni, tukapita.

Kizuizi cha Kisian

Kisian, pale njia ya Bondo inapojitenga, askari alitusimamisha. Alikuwa kijana mwenye adabu, sare imepigwa pasi vizuri.

"Habari ya safari? Mmebeba nini?"

"Vifaranga," nikasema.

Akalitazama tangi. "Kwa tangi ya maji?"

"Ndiyo, afande."

"Wanapumua aje?"

"Tumewawekea oksijeni."

Akaniangalia kwa muda mrefu. "Madam, mimi nimefuga kuku tangu nikiwa shule. Kifaranga ukiiweka kwa maji inakufa."

"Hawa wakitolewa kwa maji ndio wanakufa!" Mama Peres akasema kutoka ndani.

Askari akarudi hatua moja. "Shukeni kwa gari, tafadhali. Wote wawili."

Tulishuka. Alipanda mwenyewe, akafungua kifuniko polepole kama anayefungua sufuria ya mtu mwingine, akachungulia. Kwanza mabega yakatikisika, kisha akacheka hadi akashika kofia isianguke majini.

"Si ungesema tu ni ya samaki!"

Akamwita mwenzake aje aone. Mwenzake akamwita wa tatu. Nilisimama nikihamisha uzito kutoka mguu huu hadi ule, nikimhesabia kila mmoja pumzi zake, huku Mama Peres akiwaeleza kwa fahari wanakula nini na watakuwa wakubwa lini. Tulipokuwa tunaondoka, yule wa kwanza alizunguka nyuma ya gari akainama.

"Na hii imevunjika huku nyuma?"

"Hapana, afande. Ndivyo ilivyo."

"Pole," akasema, na alimaanisha.

Kombewa

Tulipofika Kombewa nilitaka kuchungulia tangini. Nikaegesha karibu na soko, nikafungua kifuniko, na mapovu ya ule mpira wa oksijeni yalikuwa machache mno. Mshale wa kipimo cha chupa ulikuwa umelala karibu na mwisho.

"Mama, uliifungua zaidi?"

Aliangalia viatu vyake. "Pale Kondele. Walikuwa wanakuja juu wakifungua midomo. Nilifikiri ukiongeza wanapata nguvu."

Sikumlaumu. Ningefanya vile vile. Mimi ndiye mtu asiyeweza kukiacha kifundo. Lakini mbele yetu kulikuwa na njia ndefu, na chupa ilikuwa imebakiza pumzi chache.

Mama Peres akainua kidevu kuelekea hospitali iliyokuwa ng'ambo ya barabara. "Pale wanayo oksijeni."

"Mama, ile ni ya watu."

"Najua ni ya watu. Nimesema tu iko."

Tulisimama hivyo, mimi nikizunguka gari bila sababu, ndipo nikaona mwanga wa bluu ukimulika ukuta wa kibanda kimoja. Fundi wa kuchomelea vyuma. Na kando yake, imefungwa kwa mnyororo kwenye nguzo, chupa ndefu ya oksijeni.

Jina lake Bwana Okumu, mtu mkubwa, mabega yanajaza mlango. Nilimweleza kwa haraka kiasi kwamba alinitaka nianze upya. Alipoelewa alikwenda akachungulia tangini, akapangusa jasho.

"Chupa yangu haiendi bila mimi," akasema.

"Tutairudisha, Bwana Okumu. Nakuapia."

"Sijasema hamtairudisha. Nimesema haiendi bila mimi. Tangu asubuhi nachomelea geti ya mtu asiyejua kama anataka maua au nyota. Nipeni nafasi nitoke hapa."

Akaufungua mnyororo, akafunga kibanda, akanunua mahindi ya kuchoma ya watu watatu, akaingia. Kiti changu ni cha watu watatu wembamba. Mama Peres alibanwa katikati, na kila nilipobadilisha gia nililiomba radhi goti lake.

Kombewa hadi Bondo

Hiki ndicho kipande cha safari ambacho ningekirudia. Lami ilikuwa nzuri, mapovu yalikuwa yanapanda, na jua lilikuwa limeanza kulegea. Uzito wa Bwana Okumu na chupa yake ulikuwa umeishusha pikapu zaidi, tairi likigusa bodi kwenye kila tuta, kwa hiyo nilikaza tena vifundo vya kurudi. Kila nilipokaza, gari lilizidi kutulia. Nikaendelea kukaza. Ukifanya jambo likakubali mara tatu, ni vigumu kumwamini anayekuambia usifanye mara ya nne, na hapakuwa na wa kuniambia.

"Tumefika?" Bwana Okumu akauliza niliposimama tena.

"Bado. Nataka jino moja tu."

Nikalala chini ya gari. Niliporudi, alikuwa ananitazama kwa huruma.

"Pole sana. Linauma lile la nyuma?"

"Ndiyo, la nyuma kushoto."

"Bondo kuna mtu anayeng'oa vizuri."

Mama Peres alicheka mpaka Bondo yenyewe. Kila akitulia, anasema "la nyuma kushoto" na kuanza tena.

Njia ya murram

Kutoka kwenye lami hadi ufuo wa Mama Peres ni njia ya murram, udongo mwekundu wa changarawe, ambayo malori ya samaki yameifanya mawimbi madogo madogo, magumu, yanayofuatana bila kupumzika. Niliingia kwa mwendo wa wastani. Mwanzoni ilikuwa mtetemeko tu. Kisha nyuma ikaanza kugonga: mpira wa kuzuia ekseli ulikuwa unapigwa, na nyuma ya kila pigo nilisikia maji yakigota ndani ya tangi.

Nikasimama, nikakaza. Tukaenda, ikagonga mapema zaidi. Nikakaza tena. Ikawa mbaya kuliko mwanzo. Mama Peres hakuwa akicheka tena. Niliposimama tena alipanda nyuma akafungua kifuniko.

"Wengine wako juu," akasema. "Wamelala upande."

Nilishuka nikauacha mlango wazi, sikujua hata ninakwenda kufanya nini. Nikasimama nyuma ya gari. Na kwa sababu kwa mara ya kwanza siku hiyo sikulala chini mara moja, niliona. Gari lilikuwa limekaa chini kabisa, bodi imelalia matairi. Kisha polepole, peke yake, bila mtu kuligusa, likaanza kuinuka. Likainuka kama mtu aliyekaa sana anavyonyanyuka kitini, mpaka likafika kimo chake.

Nilikuwa nimezibana shokapu zisirudi. Kwenye lami, ambako tuta moja liko mbali na lingine, springi ilipata muda wa kujinyoosha. Hapa ilipigwa na wimbi la pili kabla haijatoka kwenye la kwanza, ikashuka zaidi, na la tatu likaikuta chini zaidi, hadi ikakosa pa kwenda. Kila jino nililokuwa nikiongeza kwa furaha tangu Ahero nilikuwa nikiwaongezea samaki kipigo.

Nililegeza vyote. Nilipofika kwenye ile ya nyuma kushoto, mkono ukarudi umejaa mafuta meusi. Ilikuwa imepasuka. Nguzo niliyoingoja miezi ije kutoka nje ya nchi ilikuwa inatiririkia vumbi la njia ya ziwani.

Nilikaa chini pale pale. Bwana Okumu akaja akachuchumaa.

"Inaweza kuchomelewa?"

"Hapana."

"Basi inuka. Hawa hawajui kama imekufa."

Nililegeza ya kulia kabisa ili gari lisijipinde, likawa laini kama godoro bovu. Kisha Mama Peres akashuka bila kuambiwa, na Bwana Okumu hakurudi ndani, ili kupunguza uzito. Wakatangulia mbele kwa miguu. Bwana Okumu alikuwa anapiga teke kila jiwe lililotuna, na Mama Peres, kitambaa cha kichwa kimeanguka mabegani, alikuwa anatembea kwenye sehemu zenye ulaini akinionyesha kwa mkono: pitia hapa, sasa hapa. Nami, mwenye injini ya kushinda magari yote mnayoyajua, niliwafuata kwa gia ya kwanza, nyuma ya visigino vya mama wa makamo. Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kukanyaga mafuta. Sikukanyaga.

Hatukugonga tena.

Ziwani

Jua lilikuwa bado halijagusa maji tulipofika. Nilichukua ndoo niwamwage, na Mama Peres akanishika mkono.

"Ukiwatia sasa hivi watakufa kwa baridi. Lazima wazoee."

Kuwazoesha ni hivi: unatoa ndoo moja ya maji ya tangi, unatia ndoo moja ya maji ya ziwa. Unangoja. Unatoa nyingine, unatia nyingine. Alifanya hivyo yeye peke yake, hakutaka msaada. Nilitembea ufuo ule kwenda na kurudi hadi mbwa wa pale wakachoka kunibwekea. Waliokufa aliwatoa kwa kikombe, mmoja mmoja, akawaweka kwenye beseni bila kusema ni wangapi, na mimi sikuuliza. Hatimaye wavuvi wawili wakatupeleka kwa mashua na tangi, tukawamimina wote kizimbani. Walizama kwenye maji ya kijani na hatukuwaona tena.

Kurudi Kisumu kwa gari lile jioni ile haikuwezekana, na mashindano nilikuwa nimeshayaaga pale kwenye vumbi. Tulikula ugali na mboga nyumbani kwa Mama Peres, tukaambiwa na Bwana Okumu kuhusu mageti yote ya Kombewa. Alipotoka kunawa, nilimuuliza Mama kwa nini kizimba anakitunza peke yake.

"Tulikuwa wanne," akasema. "Baada ya samaki wale kufa, wenzangu waliondoka. Sikuwalaumu. Ila Konsolata aliniuma." Akakusanya sahani. "Tulisoma na Konsolata, tukaolewa karibu. Mimi ndiye nilimwambia aje kwa samaki. Sasa tukikutana sokoni anatazama nyanya."

Asubuhi tulikwenda kizimbani kwa mashua, mimi na yeye, mvuvi mmoja akipiga kasia. Bwana Okumu anaogopa maji. Alibaki ufukoni na chupa yake. Mama Peres alichota konzi ya chakula, chembe ndogo kama mchanga, akairusha.

Haikutokea kitu. Chembe zilielea. Goti langu lilianza kutetemeka na mashua ikatetemeka nalo.

"Tulia. Unawatisha."

Nikalishika goti kwa mikono miwili. Sijui tulingoja kiasi gani. Maji yalikuwa laini kama kioo, na uso wa Mama Peres haukuonyesha kitu chochote. Kisha chembe moja ikapotea. Ikapotea ya pili, kando. Halafu kona moja ya kizimba ikachemka, kisha upande wote, midomo midogo mamia ikipasua maji, sauti kama mvua inayoanza kwenye bati.

"Wanakula?" Bwana Okumu akapaza sauti kutoka ufukoni. "Wanakula?"

Mama Peres alichota tena chakula. Alirusha konzi nyingine, mbali zaidi, kisha akapangusa mkono kwenye nguo, akatoa simu kifuani, akatafuta jina na kupiga. Ilipopokelewa hakusema habari wala halo. Aliinama akainyoosha simu juu ya maji, karibu kabisa, akaishikilia hapo.

Nilisikia sauti ya mwanamke, ndogo, ikitoka kwenye simu.

"Peres? Peres, ni nini hiyo?"

"Ni wao," Mama akasema. "Njoo uone."

Maji yalikuwa yanachemka.

"Ngoja," ile sauti ikasema. "Ngoja nivae viatu."